Gari la spoti Malindi: jipya au lililotumika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mkaazi wa Malindi, Watamu, Mambrui au Lamu ambaye moyo wake umeshakwenda kwa gari la chini, gia za mkono na usukani mwepesi, na sasa anapiga hesabu. Majibu yanafuata sheria na kodi za Kenya, na yanafuata hewa ya Pwani. Ushauri mwingi unaosambazwa umeandikiwa watu wasiojua chumvi ya baharini wala matuta ya kila kijiji, na ukiufuata ulivyo utaumia.

Kwa kifupi, ninunue jipya au lililotumika?

Lililotumika, lakini si lolote tu. Liwe na historia inayosomeka, likaguliwe chini na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji, na fedha ya matengenezo iwe imewekwa kando kabla hujalipa shilingi ya kwanza. Mwenye milioni tatu asinunue gari la milioni tatu. Anunue la milioni mbili na nusu, na laki tano zibaki kwa matairi, breki, oili zote, mikanda, na lile tatizo ambalo hujitokeza gari likishazoea nyumba mpya.

Gari jipya hushuka thamani kwa kasi kubwa zaidi mwaka wake wa kwanza. Aliyelinunua mwanzo ndiye anayebeba hasara hiyo, na huna sababu ya kumpokea mzigo. Isitoshe, gari la spoti kwa wengi wetu si gari la kila siku. Mwenyewe ana Probox au bodaboda ya kumpeleka sokoni. Gari linalotoka jioni za Ijumaa na Jumapili asubuhi halihitaji kuwa jipya. Linahitaji kuwa zima.

Kodi inahesabiwaje, na mbona jipya linakuwa ghali hivyo?

KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitazami risiti yako peke yake. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, na kutoka bei hiyo inatoa punguzo la uchakavu kulingana na umri. Gari lisilofika hata miezi sita hupata punguzo dogo sana, na lililovuka miaka saba hufika asilimia 65. Hapo ndipo jipya na kuukuu hutengana, kabla hata hujafika bandarini.

Thamani ikishapatikana, kodi zinapandiana moja juu ya nyingine. Ushuru wa forodha, uliopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25, sasa ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ule wa forodha: asilimia 20 kwa injini yenye ujazo usiozidi cc 1,500, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi cc 3,000. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi milioni moja. Gari la cc 1,496 litalipa 350,000 za forodha, 270,000 za ushuru wa bidhaa na 259,200 za VAT: jumla 879,200. Gari la cc 2,000 lenye thamani ileile litalipa 957,500. La cc 3,700 litalipa 1,114,100, yaani kodi imelizidi gari lenyewe. Juu ya hayo kuna ada ya tamko la uingizaji na ushuru wa maendeleo ya reli, ambazo ni asilimia chache za thamani, halafu gharama za bandari na malipo ya ajenti. Viwango hivi huguswa na Sheria ya Fedha karibu kila Julai, kwa hiyo mwambie ajenti akupe hesabu ya maandishi ya wiki hiyohiyo unayolipa.

Basi cc ndiyo ya kutazama kwanza?

Ni moja ya mambo ya kwanza, na wengi huisahau wakafuata rangi. Mazda Roadster ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2015, huuzwa Japani ikiwa na paa la turubai na injini ya cc 1,496. Imepita chini ya mstari wa cc 1,500 kwa cc nne tu. Ndugu yake mwenye paa gumu linalojikunja, RF, ana injini ya lita 2, na amevuka. Suzuki Swift Sport ya tangu 2017 ina turbo na cc 1,371, na uzito wake haufiki tani moja. Hizi mbili ndizo ninazowaelekeza watu wa mshahara wa kawaida, na sioni haya kuzisifu: ni gari zinazofurahisha kwa kasi halali, na ukiharibu kitu hutauza shamba.

Toyota 86 na Subaru BRZ za kwanza zina cc 1,998, na GR86 iliyofuata ina cc 2,387, zote ngazi ya kati, ile ya asilimia 25. Wahandisi wa Supra mpya na Nissan Z mpya wamekaa chini kidogo ya cc 3,000 (2,998 na 2,997), kwa hiyo nazo ziko ngazi ya kati ingawa thamani yake ni kubwa. Nissan Fairlady Z (370Z) ya cc 3,696 na GT-R R35 ya lita 3.8 zinaangukia asilimia 35.

Ile sheria ya miaka minane inanihusu vipi?

Gari lililotumika haliingii Kenya likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kila tarehe 1 Januari mwaka mmoja unadondoka kutoka kwenye orodha. Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) ziliacha kutengenezwa mwaka 2016. Kwa hiyo Evo yoyote unayoiona inauzwa Kenya ilishaingia zamani, na hakuna nyingine itakayokuja halali kwa njia ya kawaida. Subaru WRX STI ya Japani yenye injini ya EJ20 ilifikia mwisho mwaka 2019, na mlango wake nao unajifunga.

Ndiyo maana bei za STI na Evo zilizopo nchini hazishuki kama za magari mengine. Hilo si baya kwako ukipata safi. Lakini pia ndiyo sababu magari yaliyopinduka hunyooshwa, yakapakwa rangi na kurudishwa sokoni. Kuwa mkali zaidi hapo kuliko kwingine kokote.

Usukani lazima uwe kulia. La kushoto halisajiliwi ila kwa kazi maalumu kama ambulansi na zimamoto.

Kuna Mtaliano anahama Malindi, anauza gari lake zuri kwa bei ya chini. Nichukue?

Swali hili ni letu sisi wa hapa, na linastahili jibu refu. Wageni waliokaa Malindi miaka mingi mara nyingi wametunza magari yao vizuri, wameweka risiti, na wameegesha kwenye banda. Ukipata la namna hiyo, ni neema. Lakini kabla ya kumpa mkono, uliza mambo matatu.

La kwanza, gari limelipiwa kodi? Kuna watu wanaoruhusiwa kuingiza gari bila ushuru, kama maofisa wa kibalozi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unadaiwa, na atakayesimamishwa barabarani ni wewe. La pili, usajili ni wa Kenya kweli, au gari liliingia kwa kibali cha muda na namba za nje? La tatu, jina lililo kwenye rekodi ni la nani? Mara nyingine gari liko kwa jina la kampuni ya nyumba ya wageni, na anayekuuzia si mwenye mamlaka ya kuuza.

Majibu usiyapokee kwa mdomo. Omba nakala ya rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara. Itakuonyesha mmiliki, namba ya chasisi na ya injini, na kama benki au sacco imo kwenye umiliki. Linganisha namba hizo na zilizogongwa kwenye chuma, kwa macho yako. Kisha tafuta pia kwenye rejista ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, kwa sababu gari linaweza kuwekwa rehani pasipo kuonekana kwa macho.

Uhamisho ufanywe siku ya malipo: muuzaji aanzishe kwenye akaunti yake, wewe ukubali kwenye yako. Usikubali fomu iliyotiwa saini bila jina la mnunuzi, hata muuzaji awe rafiki wa baba yako. Fedha zipite benki. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na malipo yaliyokatwakatwa vipande ni magumu kuyathibitisha mkikosana.

Nikiagiza Japani, ile karatasi ya mnada inasomwaje?

Karatasi ya mnada ni ripoti ya ukaguzi wa gari lililouzwa mnadani Japani. Mwagiziaji asipokupa, tafuta mwingine. Juu kuna alama ya jumla. 4 na 4.5 ni gari zuri la kutumika, 3.5 ina makovu yake, na 3 kushuka chini ujue unakwenda kwa fundi wa bodi. Herufi R au RA ina maana gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa sehemu za mwili unaobeba gari. Kwa gari la spoti, mimi R siigusi, hata bei iwe tamu vipi, maana gari hili kazi yake yote ni kushika kona, na mwili uliopinda hauwezi kuishika sawasawa.

Kisha utazame mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi ya ukarabati wa rangi, X ni kipande cha kubadilishwa na XX kilichokwisha kubadilishwa. S na C ndizo za kuogopa kwetu: kutu, na chuma kilicholiwa. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, limepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Ukilitoa huko ukalileta Casuarina, hapa ufuoni Malindi, umelihamisha kutoka chumvi moja kwenda nyingine.

Kilomita pia zithibitishwe kwa rekodi za ukaguzi wa Japani, si kwa dashibodi. Usukani uliong'aa, pedali iliyolika mpira na kiti kilichobonyea upande wa kuingilia havilingani na kilomita elfu thelathini.

Hii chumvi mnayoitaja kila mara, kweli inaua gari?

Inaua, tena kimya kimya. Gari likilala karibu na ufuo wa Silversands au Mayungu, upepo wa kusi unaliletea unyevu wa chumvi usiku kucha. Linaloanza kuliwa si rangi. Ni mabomba ya breki, boliti za springi, viungio vya nyaya, mapezi ya radieta na ya kipozea hewa. Bomba la breki lililooza halitoi taarifa. Hupasuka siku unayokanyaga kwa nguvu kwa sababu mtoto ameingia barabarani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haihitaji kufasiriwa. Gari lipandishwe kwenye lifti au shimo, fundi aguse kila kiungo kwa bisibisi. Rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini ya gari kuukuu isikufurahishe. Kwangurua uone inaficha nini. Inua zulia, nusa. Kwa gari la paa la turubai, mimina maji juu na uangalie yanatokea wapi, kwa sababu mifereji yake midogo huziba majani na mchanga, maji yakaishia sakafuni.

Ukishalinunua, lioshe chini kila wiki kwa maji ya bomba. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvi, na kuosha nayo ni kuongeza ugonjwa. Ukitoka Gongoni au Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, lioshe siku hiyohiyo. Banda la makuti lililo wazi pande ni bora kuliko turubai la plastiki, ambalo hufungia unyevu ndani.

Hapa gari jipya halina kinga kubwa kama watu wanavyodhani. Linaanza likiwa safi, ndiyo, lakini dhamana za kiwanda zina masharti kuhusu kutu, na kutu ya nje huwa haimo.

Fundi akague nini kwenye injini na gia?

Mwende asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Moshi wa samawati ni oili inaungua. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya radieta yameingia kusikofaa. Mweusi ni petroli imezidi. Jaribu klachi: gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Injini ikilia na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Waunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na watazame kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa muda mfupi uliopita.

Toyota 86 na BRZ za miaka 2012 na 2013 ziliitwa na kiwanda mwaka 2018 ili springi za valvu zirekebishwe. Ukikutana na moja nchini, uliza kama kazi hiyo ilifanywa, na nani. Kwa gari la turbo, uliza ratiba ya oili kabla ya kuuliza nguvu. Gari lililowekewa turbo kubwa, programu mpya ya injini na ekzosi ya kelele, bila risiti hata moja, liache liende.

Petroli yetu inafaa?

Magari mengi ya spoti ya Japani yamepangiwa petroli ya oktani ya juu kuliko super ya kawaida. Injini za kisasa hujirekebisha, zikapoteza nguvu kidogo. Tumia ile ya daraja la juu inapopatikana, na usilikimbize gari ukiwa umejaza ya kawaida.

Barabara zetu je?

Roadster na 86 zina nafasi ya sentimita 13 hadi 14 tu kutoka chini hadi ardhini. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi utaipita vizuri, mradi matuta uyapande polepole na kwa mshazari. Njia za ndani za Maweni au Barani wakati wa masika ni habari nyingine. Pita kwanza kwa miguu njia ya kufika nyumbani kwako. Na usiteremshe springi. Kwa hapa ni kulipa fedha ili uvunje gari.

Sitaki riba. Nina njia gani?

Murabaha. Benki inanunua gari, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida mnayokubaliana mwanzoni, ukalipa kidogo kidogo. Gulf African Bank ilianza kazi mwaka 2008 kwa misingi hii, na benki nyingine kadhaa za Kenya zina dirisha la Kiislamu. Uliza mapema umri wa gari wanaoukubali, maana wengi hukataa yaliyozeeka, na hilo lenyewe linaweza kukuamulia kati ya gari la miaka mitatu na la kumi.

Na bima?

Ya mtu wa tatu ni lazima kwa Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Bima kamili huhesabiwa kwa asilimia ya thamani, na kampuni nyingi huweka kikomo cha umri. Pata bei ya bima kabla ya kulipia gari, na umwambie wakala ukweli kuhusu marekebisho yote ya injini. Ukificha, dai lako litakataliwa. Takaful, bima ya Kiislamu, ipo kwa anayeitaka.

Je, kuna mtu ambaye unamshauri anunue jipya?

Yupo. Ni yule ambaye atalitumia kila siku kwa kazi, kati ya Malindi na Mombasa, na hawezi kumudu siku mbili gereji. Ni yule atakayekaa nalo miaka kumi, kwa hiyo hasara ya mwaka wa kwanza inasambaa. Na ni yule anayenunua kwa wakala rasmi nchini, kwa sababu dhamana ndiyo unayoilipia. Gari jipya uliloagiza mwenyewe kutoka Japani kwa kawaida haliji na dhamana inayoheshimiwa hapa. Umelipa bei ya upya ukakosa faida yake kubwa. Kumbuka pia kwamba huduma ya wakala utaifuata Mombasa au Nairobi.

Mimi ni wa Lamu. Nisahau?

Ndani ya mji wa kale, ulio kwenye urithi wa dunia tangu 2001, njia ni za watu na punda. Gari litabaki Mokowe, ng'ambo, juani. Barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe sasa ina lami, na kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 zenye vituo vya ukaguzi wa usalama. Gari linalosimama wiki tatu bila kuwashwa huua betri, hubonyeza matairi na kuliwa diski za breki. Kama una jamaa Malindi mwenye banda, liweke kwake umpe funguo aliwashe na kulitembeza kila wiki. Kama huna, ndugu yangu, subiri kwanza.

Gari limefika bandari ya Kilindini, Mombasa. Niliendeshe mwenyewe hadi Malindi?

Ni kilomita 120 hivi, na inawezekana, lakini si kabla ya kutazama matairi. Tafuta tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita, hata likiwa na meno yote, limekauka, na joto la lami ya Pwani litalimaliza. Badilisha Mombasa, ambako saizi za magari haya hupatikana kwa urahisi zaidi. Pima oili, maji na hewa, hakikisha bima imeanza siku hiyo na namba zimefungwa, kisha ondoka asubuhi kabla msongamano wa Mtwapa haujajaa. Kilifi simama, fungua boneti, angalia chini kama kuna tone lolote.